Chapisheni majina ya waliozama na Khedive Ismail

Mhariri,

Majuzi mlichapisha habari ya kijana wa Kimarekani, askari wa kikosi cha Marine, aliyeuawa na Wajapani huko Tarawa, katika visiwa vya Pasifiki, mwezi wa Novemba 1943 na ambaye mwili wake haujapatikana hadi leo. Niliianza ndani ya matatu kutoka Mwatate, na nilipofika nyumbani nikaimaliza kabla ya kuvua viatu. Sina ugomvi nayo. Mwandishi wenu alieleza vizuri jinsi maji yalivyokuwa yamekupwa kuliko walivyotarajia, mashua zikakwama kwenye matumbawe, na vijana wale wakashuka na kutembea majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi. Kwa siku tatu walikufa Marine wapatao 1,000 kwenye kisiwa cha Betio, huko huko Tarawa, ambacho ukikianza asubuhi kwa miguu unakimaliza mapema. Wakafukiwa haraka kwenye mitaro. Kisha wenzao waliobaki kujenga uwanja wa ndege na barabara wakazivuruga alama za makaburi, hata vita vilipokwisha ikawa maiti nyingi hazijulikani ziliko. Nilifurahi pia kusoma kwamba bado wanachimbwa, na kwamba mwaka 2015 ulipatikana mtaro mzima wenye mifupa ya makumi ya Marine.

Kuna jambo ambalo mwandishi hakulitia. Huko Honolulu, kwenye makaburi ya taifa yao, majina ya waliopotea Pasifiki yamechongwa kwenye kuta za mawe. Mmoja wao akipatikana, jina lake halifutwi. Pembeni yake hutiwa alama ndogo mfano wa ua la waridi, anayepita ajue kwamba huyu amekwisha kurudi kwao.

Naandika kwa sababu haikutimia hata miezi mitatu tangu Tarawa, Mjapani yuleyule akawazamisha vijana wetu katika Bahari ya Hindi, nao walipakiwa melini hapa hapa Mombasa. Mmoja wao alikuwa kaka wa baba yangu. Mimi ni msomaji wa magazeti ya Kiswahili tangu nikiwa mwanafunzi, na sasa ni mwalimu mstaafu. Sijaona hata siku moja gazeti likiyachapisha majina yao.

Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Marekani mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, baadaye ikauzwa kwa kampuni ya Misri ikapewa jina hilo, na vita vilipokuja Waingereza wakaifanya meli ya kubeba askari. Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa meli tano za askari kuelekea Colombo, Siloni (sasa Sri Lanka). Manowari kubwa iitwayo Hawkins ilikuwa mlinzi wao, pamoja na manowari mbili za mwendo kasi, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Rejimenti ya 301 ya Jeshi la Mizinga la Afrika Mashariki, maofisa na askari 996. Walikuwa wakienda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kupigana Burma, ambayo wazee wetu waliita Bama. Wengine walikuwa mabaharia wa Kiingereza, wauguzi na wanawake wa majeshini.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, mchana baada ya chakula, wakiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani namba I-27 iliwavizia na kufyatua topedo. Mbili zilimpata Khedive Ismail. Hazikutimia dakika tatu, meli ikawa haiko tena juu ya maji. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu wahesabu dakika hizo kwa saa ya ukutani, wakae kimya tu, wapime: ni muda wa mtu kuamka, kutafuta viatu na kufika mlangoni. Na mlango wa meli si mmoja, kuna ngazi, na ngazi zina watu. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni 214, na kati yao wanawake walikuwa 6 tu. Wanawake 77 walifia pale. Kwa majeshi yote ya dola ya Kiingereza, hakuna siku waliyopoteza wanawake wengi namna ile kwa mara moja.

Sehemu inayofuata marehemu baba hakutaka tuisimulie mbele ya nyanya, na alipofariki nyanya tukaendelea kutoisimulia kwa mazoea. Waliobaki hai walikuwa wakielea juu ya mbao na vifusi, na Paladin ilikuwa imekwisha kuanza kuwaokoa. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Kuiacha ni kuhatarisha zile meli nne nyingine, kila moja imejaa askari. Kwa hiyo yakatupwa mabomu ya kulipukia chini ya maji, mahali walipokuwa watu wakiogelea. Nyambizi ikaibuka. Paladin ikajaribu kuigonga, yenyewe ikachanika ubavuni. Petard ikaipiga mizinga bila kuizamisha, ikafyatua topedo moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Nimewasikia watu wakilitolea hukumu ya haraka jambo hili, ati ni kwa sababu waliokuwa majini walikuwa Waafrika. Hapana. Majini mlikuwa na Waingereza wenzao, wasichana wa kwao, na bomu halichagui. Mimi nisingependa kuwa nahodha siku ile. Lakini pia sitaki mtu aniambie kwamba jambo lile lilikuwa jepesi kwa kuwa hesabu yake inaeleweka. Ndugu yake baba huenda alikufa ndani ya meli, huenda alikufa juu ya ubao akingoja mashua. Hatujui, na hakuna kuchimba kutakakotuambia. Hapo ndipo sisi na wale wa Tarawa tunapoachana. Kwao kuna mchanga.

Huyo ni baba mkubwa wangu, kaka wa baba, ambaye baba alimfuata kwa kuzaliwa. Jina lake sitalitaja hapa, nalo lingoje zamu pamoja na ya wenzake. Alisoma kidogo shule ya misheni, akajua kuandika barua kwa Kiswahili, akawa anawaandikia majirani wasiojua. Jinsi alivyoingia jeshini kuna hadithi mbili. Baba alisema alijitolea kwa sababu ya buti na mshahara, na alishuka mwenyewe hadi Voi akapanda treni. Shangazi, hadi kufa kwake, alishikilia kwamba alikamatwa na watu wa chifu siku ya soko, kwa kuwa chifu alikuwa na idadi ya vijana aliyotakiwa kuitimiza na kwetu kulikuwa na wavulana wengi. Mimi nadhani zote mbili zina ukweli, kwa kuwa kijana aliyejua kwamba atakamatwa wiki ijayo anaweza kujitolea wiki hii ili aonekane mwanamume.

Alirudi likizo mara moja, amenenepa. Akamfundisha baba kupiga saluti na kuwataja kwa mpangilio watu wanaohudumia mzinga mmoja, kila mmoja na kazi yake, yeye akiwa ndiye anayepokea kombora na kulisukuma ndani. Baba alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, na mpaka uzeeni aliweza kuwaorodhesha. Kisha ikaja barua moja fupi ikisema wanasafiri na kwamba haruhusiwi kusema ni wapi. Barua hiyo ililiwa na mchwa pamoja na Biblia iliyoihifadhi.

Habari ya kifo ililetwa na karani wa chifu, akaisoma uwanjani: amepotea baharini, anadhaniwa amekufa. Wakati wa vita mambo ya meli hayakutangazwa ovyo, kwa hiyo hawakuambiwa ni meli gani wala bahari ipi. Nyanya hakuwahi kushuka chini kupita Voi. Kwake bahari ilikuwa Mombasa, na Mombasa kulikuwa na watu wa kwetu waliofanya kazi, basi akawatuma waulize. Walipoleta jibu kwamba bandarini hakuna anayejua, akasema basi hata hao waliosoma karatasi hawajui, na akakataa kukaa matanga.

Zikaja fedha za fidia. Nyanya akazikataa pia, akisema atakayezipokea ndiye aliyemuua. Mdogo wa babu akazipokea, akanunua ng'ombe. Ugomvi wa ng'ombe yule haujaisha mpaka leo. Nawaomba radhi jamaa watakaosoma barua hii, lakini mnajua kwamba ni kweli. Tuliwaita Ng'ombe wa Bahari, ng'ombe yule na uzao wake wote. Mahari ya mama yangu ilitoka kwa ndama wa ng'ombe huyo, na shangazi alipokasirika na mama hakuacha kumkumbusha.

Wasiojua Taita wataniuliza kwa nini hatukumfanyia maziko ya namna fulani, kama vile baadhi ya Waluhya wanavyozika mgomba mahali pa mtu asiyepatikana, au Wajaluo wanavyozika tunda la mwegea. Sisi kwa asili, mzee aliyekufa na kuacha wajukuu, baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likapelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa na mafuvu ya wenzake, na watu wakienda kuomba mvua au kuombea mgonjwa waliwakuta pale. Mapango hayo yapo mpaka sasa, ingawa wengine wetu ni watu wa kanisa na tunapita mbali. Kijana asiye na mtoto hakupelekwa pangoni hata angefia kitandani kwao. Kwa hiyo msidhani nadai fuvu. Kwa mila angezikwa tu, na watu wangelijua kaburi lake kwa kizazi kimoja au viwili, kisha shamba lingelimwa juu yake. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo.

Nije kwenye tarehe. Tarehe 12 Februari huku kwetu ina historia nyingine. Siku hiyo mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Waafrika Kusini waliushambulia mlima Salaita, karibu na Taveta, wakatimuliwa na askari wa Wajerumani. Wapenzi wa historia hufika, hupelekwa Salaita, hupelekwa Maktau, kisha hupelekwa kwenye makaburi ya vita ya Taveta na Voi, ambako mawe yamepangwa na nyasi zinakatwa. Waongozaji wetu wa watalii wanaijua Salaita kwa dakika na kwa namba za vikosi. (Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, na Wakasighau waliohamishwa kwa nguvu hadi Malindi mwaka 1915 kwa kushukiwa kuwasaidia Wajerumani, husimuliwa kama muda ukibaki.) Waulize waongozaji hao kuhusu 12 Februari ya pili, ile ya 1944. Mimi nimewauliza. Wanadhani nimekosea mwaka.

Hapa, Mhariri, ndipo penye hoja yangu, na nataka isichanganywe na hoja nyingine iliyo maarufu zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waliomba radhi, na ilistahili. Hao ni wapagazi wetu wa Kariakoo, yaani kile kikosi cha Carrier Corps, na askari wa wakati ule. Sanamu ya askari iliyo Kenyatta Avenue, Nairobi, ina maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Juu ya sanamu yenyewe hakuna jina hata la mmoja.

Lakini waliozama na Khedive Ismail si kama hao. Wao waliandikwa. Majina yao yako Nairobi, Barabara ya Ngong, ndani ya makaburi ya vita, kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki waliyojengewa wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Nimekwenda. Niliingia bila kuulizwa kitu, nikalitafuta jina, nikalikuta, limekosewa herufi moja. Nikaligusa, nikapiga picha, nikaondoka kuwahi basi la Voi. Kwa hiyo katika jambo hili hatuna Mwingereza wa kumlaumu kwa kutoandika. Aliandika. Sisi ndio ambao hatujasoma, na hatujasoma kwa sababu jina lililo ukutani Barabara ya Ngong haliwezi kufika Mwanda, Kitui, Kapsabet wala Songea kwa miguu yake. Baba aliishi miaka mingi akifanya kazi bandarini Kilindini, akiwauliza mabaharia wa kila taifa, na jina la kaka yake lilikuwa Nairobi muda wote huo. Alifariki bila kuambiwa.

Mtaniambia kwamba siku hizi orodha iko kwenye intaneti. Iko, kwa Kiingereza, na ni lazima uandike jina kama alivyoliandika karani aliyekuwa anasikia Kitaita kwa mara ya kwanza. Bibi wa miaka themanini anayemtafuta mjomba wake hawezi kubahatisha makosa ya karani. Ila akiyaona majina yamepangwa gazetini, jicho lake litalitambua jina la kwao hata likiwa limepinda.

Ombi langu ni hili. Kuanzia 12 Februari ijayo, chapisheni majina ya Waafrika wote wa Rejimenti ya 301 waliozama, kidogo kidogo, kila toleo sehemu, mpaka yaishe. Wekeni jina, cheo, namba ya jeshi, na kwa wale ambao rejista imetaja jina la baba au mahali walikotoka, wekeni hayo pia, kwa kuwa ndiyo yatakayowasaidia watu. Lichapisheni jina kama lilivyo ukutani, msilirekebishe kwa kukisia. Familia ikijitokeza na kusema linavyoandikwa hasa, chapisheni masahihisho toleo linalofuata, kama mnavyosahihisha makosa yenu wenyewe. Wenzenu wa magazeti ya Tanzania na Uganda wapeni orodha, kwani jeshi hilo halikuwa la Kenya peke yake.

Najua wako watakaosema hawa walikuwa wakipigania mfalme wa watu wengine, tuna mashujaa wetu wa Uhuru wa kuwachapisha kwanza. Nimefundisha historia ya Uhuru miaka mingi na sihitaji kukumbushwa. Kijana aliyekamatwa siku ya soko hakuulizwa anampigania nani. Na wale waliorudi kutoka Bama wakiwa wamemwona mzungu akiogopa na kufa kama mtu mwingine yeyote, baadhi yao ndio waliokuja kuuliza maswali ya ardhi na kura. Tusiwape heshima waliorudi, tukawanyima waliozama kwa kosa la kuzama.

Wengine watasema nafasi ya gazeti ni fedha. Hilo naliheshimu. Kurasa zenu za matangazo ya vifo na kumbukumbu nazisoma, naona watu wanavyolipia picha ya mzazi aliyefariki miaka kumi iliyopita. Hawa nao wana jamaa, ila jamaa hawajui kwamba wana tangazo la kulipia.

Orodha ya majina ninayodhani ni ya Taita nimekwisha kuinakili kwa mkono. Nimeyachukua yanayoanza na Mwa- na mengine ninayoyatambua, kwa hiyo yumkini nimewabeba na Wadigo kadhaa. Wenyewe watakuja kuwadai. Nitaileta ofisini kwenu Mombasa nikija kliniki ya macho. Kwa upande wa gharama, niandikieni nusu ukurasa ni shilingi ngapi kwa toleo moja. Chama chetu cha walimu wastaafu kina akiba ndogo, mweka hazina amekubali, na wanachama wawili wana watu wao katika meli hiyohiyo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mgange, Taita Taveta